MFUKO WA AFYA UFUNGWE KWANZA, ZAWADI BAADAYE

Maoni ya mhudumu wa afya wa kujitolea, Kyangwali



Hapa Uganda shule hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na watoto hurudi darasani Februari. Hiyo ndiyo likizo ndefu ya mwaka. Ndiyo pia miezi ya jua kali. Katika miezi hiyo familia nyingi husafiri. Wengine wanakwenda kaskazini, Arua na makazi ya Rhino Camp na Imvepi, kwa ndugu waliopokelewa huko. Wengine wanateremka hadi ufuko wa Ziwa Albert, kwa wajomba wanaoishi kwa uvuvi. Wengine wanaitwa harusini au matangani, au wanakwenda kumwona bibi ambaye hawajamwona tangu vita itutawanye. Na tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, wako pia wanaotumia likizo kutafuta kibarua.

Sina neno na safari hizo. Mkimbizi naye ana ndugu, na udugu ni kutembeleana. Neno langu ni juu ya mizigo.

Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na mara nyingi nawakuta watu wakifunga safari. Naona kikwembe kipya cha shangazi. Naona viatu vya misa, gunia la mahindi, maharage, kuku aliyefungwa miguu. Naona makayabu yamefungwa kwenye gazeti. Nikiuliza, "Na dawa za baba ziko wapi? Na maji ya watoto?", jibu ni lile lile: "Tutapata huko huko."

Ndugu msomaji, maoni yangu ni haya. Katika safari ya wakati wa joto, mfuko mdogo wa afya ndio ufungwe wa kwanza, kabla ya nguo na kabla ya zawadi. Na mfuko huo upakatwe na mwenyewe. Usifungwe juu ya gari pamoja na magunia. Zawadi ikisahaulika, shangazi atasamehe. Dawa ikisahaulika, mwili hausamehi.

JOTO LA HUKO SI JOTO LA HAPA

Wengi wetu tumetoka Ituri, kwa hiyo tunajua jambo hili hata kabla ya kulisoma. Mtu wa Bunia akiteremka Tchomia au Kasenyi anavua koti njiani. Sababu ni kwamba Bunia iko juu na Tchomia iko chini kando ya ziwa. Ziwa Albert liko mita 620 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kawaida ukiteremka mita 1000 joto huongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Kyangwali yetu iko juu ya ukingo wa bonde na inapata upepo. Pakwach, pale gari linapovuka mto Nile kuelekea Arua, ni nchi ya chini na ya joto kali, na Januari na Februari ndiyo miezi yake mibaya.

Mwili wa mtu hujipoza kwa jasho. Jasho ni maji na chumvi. Kwenye joto mwili unatoa maji mengi, na yasiporudishwa damu inakuwa nzito, kichwa kinauma, miguu inakaza, mkojo unakuwa wa rangi ya chai. Watoto wadogo na wazee ndio wa kwanza kuumia. Halafu wanakuja wajawazito na wenye magonjwa ya moyo, presha, sukari na figo. Mwili unahitaji karibu wiki moja au mbili kuzoea joto jipya. Kijana akifika leo na kesho saa sita mchana akashika jembe kwa kibarua, mwili wake bado ni wa kwetu. Aanze kazi asubuhi na mapema, apumzike mchana kivulini, aongeze saa kidogo kidogo.

DAWA ZA KILA SIKU

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoumia kweli.

Katika mtaa ninaohudumia yuko mama mmoja mzee mwenye presha. Alisafiri kwenda kumtembelea binti yake. Dawa zake zilikuwa ndani ya sanduku, na sanduku lilipanda juu ya basi. Gari liliharibika njiani, abiria wakahamishiwa gari lingine, mizigo ikabaki nyuma. Sanduku lilimfikia baada ya siku nne. Nguo zote zilikuwemo, hata kitambaa kimoja hakikupotea. Lakini yeye alikuwa amekwisha kulazwa, mkono mmoja ukiwa hauna nguvu. Alirudi salama, namshukuru Mungu, ila mpaka leo anashika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Dawa za presha, sukari, kifafa, pumu, kifua kikuu na ARV hazina likizo. Anayeacha ghafla dawa za kifafa anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo. Anayekatiza dawa za kifua kikuu anaweza kupata kifua kikuu sugu, ambacho tiba yake ni ngumu zaidi, na anaweza kukiambukiza kwa nyumba iliyomkaribisha. Anayeruka ARV anavipa virusi nafasi ya kuongezeka na kuizoea dawa.

Nitasema na jambo ambalo wengi wanalisema chini chini. Wako ndugu zetu wanaoacha ARV nyumbani kwa makusudi, si kwa kusahau. Wanaogopa kwamba watalala chumba kimoja na shemeji, kwamba mtoto wa watu atafungua mfuko, kwamba chupa italia "chaka chaka" na watu watauliza. Hofu hiyo naielewa. Lakini wiki tatu bila dawa ni bei kubwa mno ya kulipa kwa ajili ya macho ya watu. Hamisha vidonge kwenye kichupa kingine kikavu chenye kifuniko kizuri, weka pamba juu visipige kelele, andika jina la dawa kwenye karatasi na uiweke ndani. Chagua saa ya kumeza ambayo uko peke yako, kwa mfano wakati wa kuoga. Na wewe unayempokea mgeni, usipekue mfuko wake. Ugonjwa wa mgeni ni siri yake, naye atakwambia akitaka.

Fanya hivi. Wiki mbili kabla ya safari, nenda kituo cha afya, mwambie muuguzi unakwenda wapi na kwa siku ngapi. Omba dawa za siku zote za safari pamoja na za wiki moja ya ziada, maana gari huharibika na matanga hurefuka. Chukua kadi yako ya kliniki. Kituo cha huko hakikujui, lakini kikiona kadi kitajua unameza nini. Mwenye presha aulize pia kama dawa yake ni ile inayokojosha sana, na afanye nini kwenye joto. Asiipunguze wala kuiacha kwa akili yake mwenyewe. Mama anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu aangalie tarehe. Ikiwa inaangukia katikati ya likizo, aulize mapema.

Dawa nazo zinaugua joto. Nyingi zinatakiwa kukaa mahali pasipozidi nyuzi 30. Usiziache ndani ya gari lililosimama juani wala chini ya bati. Mwenye kutumia insulini anaweza kutumia ujuzi wa bibi zetu: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa cha udongo, katikati mchanga uliolowana, na kitambaa kibichi juu. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Insulini ikae ndani ya kifuko kikavu, isiguse maji.

MAJI, NA AIBU YA KUNYWA NJIANI

Mtu mzima asafiri na lita 2 za maji safi angalau, na ajaze tena kila anapopata maji salama. Hakuna haja ya kununua. Chupa mbili kuu za plastiki zilizooshwa vizuri, zikijazwa jioni maji yaliyochemshwa, asubuhi ziko tayari. Anywe kidogo kidogo njia nzima, asingoje kiu.

Najua kwa nini mama zetu na dada zetu hawanywi. Gari halisimami, na likisimama, linasimama mahali pasipo choo wala kichaka. Kwa hiyo mwanamke anakaa tangu alfajiri mpaka jioni kinywa kikiwa kikavu, na akifika ana kichwa kinachogonga na maumivu ya kukojoa. Hili si la kumlaumu mwanamke. Ni la kusemwa na gari zima. Abiria mmoja akimwomba kondakta asimame, anaonekana msumbufu. Abiria kumi wakiomba pamoja, gari linasimama. Kaka zangu, mseme ninyi kwanza, mnasikilizwa haraka zaidi. Na kila mwanamke abebe kikwembe kimoja cha ziada: ni pazia, ni shuka, ni kivuli cha mtoto, na kikiloweshwa ni baridi ya shingoni.

Mtoto aliye chini ya miezi 6 asipewe maji, hata joto liwe kali namna gani. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji mengi.

Weka katika mfuko pakiti 3 au 4 za ORS, ambayo wengine nyumbani tuliizoea kwa jina la SRO. Soma pakiti, nyingi zinataka lita 1 ya maji. Ukikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, visiwe vya kilima, kwa kuwa sukari au chumvi ikizidi inaleta madhara. Mchanganyiko ukipita saa 24, mwaga, tengeneza mwingine. ORS ni ya kuhara, na inasaidia pia aliyetoka jasho jingi mpaka akalegea.

Na huko ukifika ukakosa kuni za kuchemshia, jua lenyewe linaweza kukusaidia. Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2. Jaza maji yasiyo na tope, laza chupa juu ya bati juani saa 6. Siku ikiwa na mawingu mazito, iache siku 2. Maji yakiwa na matope, yachuje kwanza, na kama hayawi meupe usitumie njia hii. Vidonge vya klorini navyo ni vyepesi kubeba, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

CHANDARUA KISAFIRI NA MTOTO

Watu wengi hukiacha chandarua nyumbani kana kwamba ni samani. Chandarua chenye dawa kikikunjwa kinatosha ndani ya mfuko wa shule. Kaskazini-magharibi ya Uganda, kule Arua na jirani zake, ni kati ya sehemu zenye malaria nyingi sana nchini. Mwenyeji wako atakupa mkeka na chakula, lakini huenda chandarua chake kinalaza watoto wanne tayari. Usimfanye achague kati ya mtoto wake na wako. Beba na kamba na misumari miwili ya kukitundikia.

Tangu Aprili 2025 Uganda inatoa chanjo ya malaria kwa watoto wadogo katika wilaya zenye malaria nyingi. Ni dozi nne, katika miezi 6, 7, 8 na 18. Kwa hiyo kadi ya chanjo isibaki sandukuni nyumbani. Angalia kama kuna dozi inayoangukia siku za safari, uulize kama itatolewa kabla au huko. Chanjo haiondoi chandarua, vyote viwili vinakwenda pamoja.

Homa ikitokea huko, au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, mtoto apimwe ndani ya saa 24. Mwambie mhudumu wa afya kwamba mlisafiri na mlikwenda wapi. Usimeze nusu dozi uliyobakiza mwaka jana. Na homa yenye shingo ngumu, kichwa kikali na kuogopa mwanga ikimbizwe kituoni saa hiyo hiyo, maana kaskazini ya Uganda iko katika ukanda wa Afrika unaopatwa na homa ya uti wa mgongo, hasa wakati wa kiangazi.

NGUO NA NAFUU YA NJIANI

Nguo za kupendeza zina siku yake, lakini siku ya kusafiri vaa pamba nyepesi, pana, ya rangi isiyo nyeusi. Nailoni inafunga jasho na kuleta vipele vya joto, hasa shingoni na mapajani kwa watoto. Mtoto mwenye vipele aogeshwe maji ya kawaida, akaushwe, avae nguo nyepesi. Usimpake mafuta mazito yanayoziba ngozi. Kofia pana au mwavuli, kandambili, kitambaa cha kufutia jasho, kipande cha sabuni na vitambaa vya hedhi kwa wasichana na mama, hivyo vyote vinaingia katika mfuko mmoja.

Ndugu zetu wenye ualbino wasisafiri bila mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kuzuia jua. Kwao jua moja la safari si uchovu tu, ni majeraha, na majeraha ya miaka mingi ndiyo yanayozaa saratani ya ngozi. Mzazi, mpe mtoto huyo kiti cha kivulini bila kumwona kuwa anadekezwa.

Kiti pia kina hesabu yake. Ukielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia kwako, kwa hiyo kaa kushoto. Alasiri ni kinyume chake. Ondoka alfajiri kadiri unavyoweza. Na usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa na kusimama juani, hata kwa dakika za kununua mkate. Ndani yake panakuwa tanuru upesi.

CHAKULA NA UFUKO WA ZIWA

Kwenye joto chakula kilichopikwa hakikai. Wali na nyama vilivyofungwa kwenye plastiki alfajiri ni sumu saa nane mchana. Beba chikwangue, mihogo ya kuchemsha, karanga za kukaanga, ndizi, machungwa ambayo utayamenya mwenyewe. Makayabu mpelekee shangazi, lakini usiyale njiani. Chumvi yake itakunywesha maji ya watoto wote.

Kwa wanaoteremka ziwani nina maneno mawili. La kwanza ni kichocho, ambacho wengi wanakiita bilharzia. Ufuko wa Ziwa Albert ni kati ya sehemu zinazojulikana zaidi Uganda kwa ugonjwa huo. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayechezea majini. Joto litawavuta watoto waogelee. Bebeni beseni, muogee nchi kavu kwa maji ya bomba au ya kisima. Kama hakuna ila ya ziwa, yachemsheni, au yaacheni yatulie siku 2 katika chombo kilichofunikwa kabla ya kuoga.

La pili ni kipindupindu. Tusisahau Februari 2018, wakati wenzetu wengi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Ituri. Kipindupindu kililipuka katika wilaya ya Hoima, ambayo Kyangwali ilikuwa ndani yake wakati huo, na watu zaidi ya 40 walifariki. Baadhi yetu tulizika. Anayehara maji kama ya mchele aanze ORS papo hapo na apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

WANAOSEMA "LAKINI"

Nimesikia majibu matatu kwa maneno yangu, na yote nayaheshimu.

Wa kwanza anasema, "Wewe unaongea kama mtalii. Mkimbizi hana pesa za vitu hivyo." Ndugu yangu, tazama tena. Chupa ni ile uliyookota. Maji ni ya kuchemsha. Chandarua unacho, dawa na kadi vinatoka kituoni. Kikwembe kipo, sukari na chumvi ni vijiko tu. Kinachogharimu ni kukumbuka mapema.

Wa pili anasema, "Tutapata huko huko." Labda. Lakini utafika usiku, utafika Jumapili, utafika siku ambayo dawa yako imekwisha katika kituo cha huko. Na kabla ya huko kuna njia, na njiani hakuna duka la dawa ya kifafa.

Wa tatu anasema, "Nikienda mikono mitupu watanicheka." Hili ndilo zito kuliko yote. Tumepoteza mashamba, nyumba na ng'ombe, na zawadi ndogo ndiyo inayobaki kusema kwamba sisi bado ni watu wenye kutoa. Sikwambii uache zawadi. Nakwambia upunguze gunia moja uweke mfuko mmoja. Mgeni anayefika mzima ni zawadi. Mgeni anayefika na kulazwa anamfanya mwenyeji auze hata ile mbuzi aliyokusudia kumchinjia.

MFUKO WENYEWE

Kata orodha hii uibandike karibu na mlango:

1. Dawa za kila siku za siku zote za safari na wiki moja ya ziada.
2. Kadi ya kliniki, kadi ya chanjo ya mtoto, kadi ya ujauzito.
3. Kitambulisho cha mkimbizi, nakala ya karatasi ya familia na kibali cha kusafiri kutoka ofisi ya makazi.
4. Maji safi, lita 2 kwa mtu mzima.
5. Pakiti 3 au 4 za ORS, au sukari na chumvi, na kijiko cha chai.
6. Vidonge vya klorini.
7. Chandarua, kamba na misumari.
8. Kikwembe cha ziada, kofia au mwavuli, kitambaa cha jasho.
9. Sabuni, vitambaa vya hedhi, bandeji na kitambaa safi cha kidonda.
10. Karatasi yenye namba za simu za watu wawili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa huko.

Mjamzito aliyekaribia kujifungua namshauri asisafiri kabisa. Ndugu watakuja kumwona mtoto.

DALILI ZA KUKIMBIA NAZO

Mtu akitoka jasho jingi, akaumwa kichwa, akakaza misuli na kusikia kizunguzungu, mweke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji au ORS taratibu. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, kuanguka au kupata degedege, na mwili ukawaka moto, hapo amepigwa na joto kali na maisha yake yako hatarini. Mtoeni juani, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni bila kukoma, na mtafute gari huku mnampoza. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Panadol haitibu joto la namna hii, msipoteze muda nayo.

OMBI LANGU

Kwa wenyeviti wa mitaa na viongozi wa makanisa na misikiti: kila Desemba mnatangaza safari, mnakusanya nauli, mnaombea wasafiri. Kabla ya maombi, ulizeni swali moja mbele ya wote: "Nani amepakata mfuko wake wa afya?" Asiyenao arudi nyumbani kuuchukua, gari linaweza kungoja dakika kumi. Kwa watoto wa sekondari mlio likizoni: someni orodha hii kwa sauti mbele ya wazee wasiosoma, kisha mwasaidie kufunga. Na kwa yeyote anayepanga safari, mhudumu wa afya wa mtaa wako yupo. Mwite aje kabla ya kufunga mizigo. Kuja kwetu hakulipiwi.

Sisi ni watu tuliowahi kukimbia bila kufunga kitu. Usiku ule hatukuchagua. Safari hii ya likizo tunachagua wenyewe, na tuna wiki nzima ya kujiandaa. Basi tuifunge vizuri, ili Februari watoto wote walioondoka warudi darasani, na wazee wote warudi kukaa chini ya miembe yao.

Kinga ni bora kuliko tiba. Safari njema.